Nyumba Isiyo na Mahali pa Kupikia: Mada Kuhusu Nyumba Mbadala Kandokando ya Hifadhi ya Virunga



Niliombwa nianze na maana ya nyumba inayotunza mazingira. Sote tunaijua: hujengwa kwa vitu vya karibu, huvuna maji ya mvua, na familia inaimudu. Virunga nayo haihitaji utangulizi. Ilianzishwa mwaka 1925, ikaingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya familia zilipoteza nyumba, na kujenga upya kukawa kazi yetu sote.

Kuhusu kuta nitasema kidogo. Nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe ya volkano ni nyepesi wakati wa tetemeko, tena hubomolewa na kuhamishwa pale ambapo karatasi za kiwanja zina mashaka. Sakafu iinuliwe, hasa mabondeni, kwa sababu ya mazuku, ile hewa nzito inayotambaa chini na kuua watu usingizini. Maji ya mvua yavunwe kwa kufulia na kuoshea. Moshi wa volkano huyatia floridi, kwa hiyo ya kunywa yatoke kwingine.

Sasa nifike kwenye jambo lililonichosha kwa miaka. Ramani za nyumba ninazoletewa zina vyumba viwili, sebule na choo. Mahali pa kupikia hapana. Siku moja niliuliza, nikajibiwa kwamba bajeti inahusu makazi, si mapishi. Sitaji taasisi, na najua wafadhili wana mipaka yao. Lakini mama wa nyumba hiyo atapika wapi? Ataweka babula, yaani jiko la makaa, mlangoni. Mvua ikinyesha, ataiingiza ndani, watoto wamelala, dirisha limefungwa.

Jiko hilo linagusa pia msitu. Mbao za ukuta hukatwa mara moja. Makala, yaani makaa, hununuliwa kila wiki, na sehemu kubwa ya makala ya mji wa Goma hutoka kwenye miti ya hifadhi hiyo hiyo tunayodai kuilinda. Sufuria ya maharagwe hukaa motoni saa nyingi, na sombe, yaani majani ya muhogo, vilevile. Mradi wa EcoMakala, ulioanza mwaka 2007, umewasaidia wakulima kupanda miti ya makala, na naupongeza. Hata hivyo miti iliyopandwa haitatosha ikiwa tunaendelea kukabidhi nyumba zinazolazimisha moto wa wazi, unaopeperushwa na upepo.

Kwa hiyo napendekeza, kwa heshima, ramani yoyote isiyo na chumba cha kupikia isitiwe saini. Chumba hicho kiwe chini ya paa lile lile, kiwe na tundu la moshi na madirisha mawili yanayotazamana. Jiko lijengwe kwa mawe ya volkano, mdomo wake upimwe kwa sufuria ya familia yenyewe. Pawe na pembe ya kulowekea maharagwe tangu usiku, na kikapu chenye majani makavu cha kumalizia kuyaivisha bila moto. Kituo cha Matebe kinatoa umeme wa maji tangu 2015. Basi waya wa jikoni uwe mnene wa kubeba jiko la umeme, hata kama familia itaanza kulitumia baadaye. Bajeti ya mapishi iwe ndani ya bajeti ya makazi. Akina mama waulizwe kabla ya kuchora, na waulizwe tena kabla ya kukabidhi funguo. Narudia: ramani isiyo na chumba cha kupikia irudishwe kwa mchoraji.