Macho ya Rubani Gizani

Somo la leo lahusu marubani wa helikopta za jeshi warukao usiku bila kuwasha taa.

Rubani huyo hufunga darubini mbili fupi mbele ya kofia yake ngumu. Darubini hizo hupokea nuru hafifu ya nyota na mwezi, huizidisha mara maelfu, kisha humwonyesha picha, mara nyingi ya rangi ya kijani.

Je, usiku umekuwa mchana? La! Sikilizeni sababu tatu.

Kwanza, upana. Macho mazima huona mbele na kando, kadiri ya digrii 180. Darubini za kawaida huonyesha digrii 40 tu, kama mtu achunguliaye tunduni. Kwa hiyo rubani hana budi kugeuza kichwa daima.

Pili, umbali. Ni vigumu kukadiria kama kitu ki karibu au ki mbali. Tena waya mwembamba wa umeme huweza usionekane kabisa, nao huweza kuangusha ndege na kuua wote waliomo.

Tatu, uzito. Chombo hiki, chenye kama nusu kilo, hulemea mbele, na shingo huuma. Wengine hutia kizani nyuma ya kofia. Kichwa hulingana, lakini mzigo wote huzidi.

Ndiyo sababu rubani hutazama nyaya katika ramani kabla ya kuruka, na wenzake humwambia waonayo upande wao. Chombo husaidia macho, hakiondoi hadhari.

Sasa andikeni jibu: Kwa nini rubani hugeuza kichwa daima?