Muungwana ni Kitendo



Tumekutana ili tujiulize swali linalotuchoma: mbona watu wanaouchukia udhalimu kwa moyo huutumikia kwa mikono? Wahenga walinena, "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Wataalamu wa saikolojia ya jamii nao wamelichunguza jambo hili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Richard LaPiere alizunguka Marekani pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa imeenea. Walifika katika hoteli na mikahawa zaidi ya 250, wakakataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye mahali hapo, akawauliza kama wangewapokea Wachina. Miongoni mwa waliojibu, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema la. Kumbe msimamo anaoutangaza mtu hautoshi kutujulisha atakalotenda. Hali anayokabiliana nayo ina nguvu zake.

Sisi Wakenya tulifunzwa hayo na mlolongo wa mwaka 1988. Mpiga kura alisimama hadharani nyuma ya wakala wa mgombea, huku chifu, mwajiri na jirani wakimtazama. Aliyepata asilimia 70 katika mchujo huo alihesabiwa amepita bila kupingwa. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu 1986, nao walikuwa na haki: mlolongo ulipima hofu, haukupima mapenzi. Kura ya siri haimbadilishi mtu moyo. Humwondolea macho ya watu, mkono ukapata kuufuata moyo.

Lakini kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Mwaka 1959, Leon Festinger na James Carlsmith waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha, kisha wakawalipa wamwambie mwenzao kwamba kazi ile inapendeza. Wengine walipewa dola 20, wengine dola 1. Walipoulizwa maoni yao wenyewe, waliopewa dola 1 ndio walioisifu kazi zaidi. Wa dola 20 walijua walichodanganyia. Wa dola 1, kwa kukosa sababu ya kutosha nje, waliitafuta ndani ya nafsi zao.

Basi tuiogope noti ndogo na mfuko wa unga. Tusijidanganye kwamba tutakula chao na kubaki na msimamo wetu. Anayeshangilia leo kwa senti chache huenda kesho akaamini anachokishangilia. Tendo dogo humfundisha mtenda.

Tufanye nini? Tusitosheke kuilaani rushwa kwa jumla, kwani ni nani asiyeilaani? Na tuazimie jambo mahususi: siku ya mkutano wa mgombea, mkono huu hautapokea kitu. Tuahidiane mbele ya wenzetu kanisani na vikundini, ili macho ya jirani yaliyotutisha katika mlolongo sasa yatutie nguvu. Kisha twendeni kituoni tukijua kwamba Katiba ya 2010 imetuwekea kura ya siri.

Mtume Yakobo aliwaonya waumini juu ya imani isiyo na matendo. Onyo hilo latuhusu sisi tuliokusanyika hapa, kabla ya kumhusu mtawala yeyote.

Mungu aibariki Kenya.