Uchunguzi wa Nyumba Kabla ya Kununua Mnadani
(Hotuba kwa wafanyakazi wa Serikali na wananchi)



Nyumba inapotangazwa kuuzwa kwa mnada kwa sababu ya deni, wengi wetu huangalia bei tu. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Wako wanaotoa kiinua mgongo cha utumishi wao wote kwa siku moja; kwa hivyo inafaa kwanza tujiulize kinachouzwa hasa ni nini.

Dalali huuza haki aliyokuwa nayo mdaiwa. Hana uwezo wa kuuza zaidi ya hapo, na nyundo yake haifuti haki ya mrithi, ya wakfu wala ya Serikali.

Hapa Zanzibar, kwa mujibu wa Sheria Nambari 12 ya 1992 inayohusu umilikaji wa ardhi, ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mnunuzi hupata jengo pamoja na haki ya kuitumia ardhi, na haki hiyo ina masharti. Basi hatua ya kwanza ni kwenda kwa Mrajis wa Ardhi. Angalia jina la mwenye haki, mipaka ya kiwanja, na iwapo imewekwa rehani kwingine. Si ardhi yote iliyosajiliwa; kutokuwepo kwa kumbukumbu si ushahidi kwamba hakuna mdai.

Pili, uliza habari za mirathi. Ikiwa nyumba iliachwa na marehemu na haijagaiwa, mdaiwa huenda ana fungu lake tu, na mafungu mengine ni ya mjane na mayatima waliomo ndani. Hukumu za mirathi hutafutwa katika Mahkama ya Kadhi.

Tatu, hakikisha kwamba nyumba si wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi kwa deni la anayeishi humo. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndiyo ya kuulizwa.

Nne, iwapo nyumba imo Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, haifai kuvunja wala kujenga bila ya idhini ya Mamlaka ya Hifadhi. Gharama ya matengenezo ya ukuta wa mawe na boriti huweza kuipita bei ya mnadani.

Tano, nenda ukaione nyumba mchana. Muone Sheha na majirani, ujue nani anaishi humo na kwa mkataba gani, na uulize madeni ya umeme na maji.

Yote haya yafanywe kabla ya siku ya mnada, na majibu yawe kwa maandishi. Lisilojibiwa lihesabiwe kuwa ni hatari, na aliye na shaka asinyooshe mkono.