Sauti na Mkono: Kuubeba Msiba Pamoja



Wahenga walisema kwamba msiba wa wengi ni harusi. Hawakuwa na maana kwamba kifo ni furaha. Walitufundisha kwamba uchungu uliogawanywa hubebeka. Leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi namna uchungu huo unavyogawanywa, hasa pale tunapokosa maneno. Tunayo sauti, na tunayo mikono.

Mji wetu wa Arusha umesikia maombolezo mazito. Mwezi Novemba 1994 Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ambayo ilikaa hapa hadi ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Mashahidi wengi walisema nyuma ya pazia, wakitajwa kwa herufi badala ya majina, ili wasidhuriwe. Wasikilizaji walipokea maneno yao kwa wakalimani, kupitia vyombo vya masikioni. Mwanamke aliyeitwa JJ alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi katika kesi ya Jean-Paul Akayesu. Hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 ilitamka kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hiyo ilikuwa haki, tena haki kubwa. Lakini hakimu hana kazi ya kumshika shahidi mkono. Kazi hiyo ni ya jirani.

Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Tarehe 8 umati ulikusanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, majeneza yakiwa mbele yao, wakalia pamoja. Hata hivyo, turubai huondolewa, viti hurudishwa, na mzazi hubaki na sare ambayo haina wa kuivaa. Je, baada ya matanga, sauti na mikono yetu huenda wapi?

Hapa ndipo sanaa ya jumuiya inapohitajika. Mwaka 1987, huko San Francisco, Marekani, watu waliofiwa kwa sababu ya UKIMWI walianza kushona vipande vya kitambaa, kila kimoja futi 3 kwa 6, karibu ukubwa wa kaburi, kikiwa na jina la marehemu. Mwezi Oktoba mwaka huo vipande 1,920 vilitandazwa mjini Washington. Wakati ule wengi waliogopa hata kumgusa mgonjwa. Kitambaa kiliwarudishia wafiwa kitu cha kugusa.

Nasi tunazo kanga, vitenge na sindano. Kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, wako akina mama wanaoweza kuketi na mfiwa na kushona pamoja naye kipande cha nguo aliyoipenda mtoto wake. Asiyeona atakisoma kwa vidole. Tunazo pia nyimbo za kupokezana: asiyeweza kusimulia ataweza walau kuitikia, na katika kuitikia atajua kwamba hayuko peke yake.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Mfiwa asilazimishwe, wala uchungu wake usifanywe maonyesho. Tena wimbo usitumike kunyamazisha madai ya haki. Anayemfariji mzazi leo hana budi kesho kuuliza juu ya usalama wa barabara na wa magari yanayobeba watoto. Faraja isiyouliza kitu huacha mlango wazi kwa msiba mwingine.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Ni nani kati yetu aliyefiwa mwaka jana, na hatujamtembelea tangu matanga yalipokwisha?

2. Mikono yetu inaweza kutengeneza nini pamoja naye, ikiwa yeye mwenyewe ataridhia?

3. Ni chanzo gani cha msiba huo ambacho tunapaswa kukisemea?