Jasho la Wengi, Mali ya Nani?



Hivi karibuni kijana mmoja alitujia akiwa na hati mkononi. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa amejitolea, kila jioni, kutafsiri kwa Kiswahili maneno ya programu ya kompyuta. Sasa wenye mradi walimtaka asaini hati hiyo kabla kazi yake haijapokelewa. Ndani yake iliandikwa kwamba haki miliki ya yote aliyoyaandika, na yale atakayoyaandika baadaye, itakuwa ya kampuni. Akatuuliza: “Padre, nimetoa kwa moyo mkunjufu. Je, kutoa ni kukubali kwamba kazi hii si yangu tena?” Swali lake ndilo lililotufanya tuichague mada ya leo.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya maneno. Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili, yaani maagizo aliyoyaandika mtunzi ili kompyuta iyatekeleze, yamewekwa wazi ili kila mtu ayasome, ayatumie, ayarekebishe na kuyagawa kwa wengine. Wengi hudhani kwamba kitu cha namna hiyo hakina mwenyewe. Sivyo. Kwa kawaida sheria humpa mtunzi haki miliki tangu anapoandika, isipokuwa pale anapoandika kama mwajiriwa, ambapo mara nyingi haki huwa ya mwajiri. Leseni ya programu huria inasimama juu ya haki hiyo hiyo: mwenye mali anawaruhusu wengine waitumie kwa masharti. Na palipo na masharti, pana mwenyewe.

Jambo hili lilipimwa mahakamani nchini Marekani. Robert Jacobsen, mwalimu wa fizikia, pamoja na wenzake waliandika programu ya kuongozea treni ndogo za mfano, wakaitoa bure. Leseni yao ilidai, pamoja na mengine, kwamba majina ya watunzi na tamko la haki miliki visiondolewe. Mfanyabiashara Matthew Katzer akachukua sehemu ya kazi hiyo, akaitia katika programu yake bila kuyaheshimu masharti hayo. Mahakama ya chini haikukubali kumzuia kwa kutumia sheria ya haki miliki. Lakini mwezi Agosti 2008 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba masharti ya leseni ya namna hiyo yanalindwa na sheria ya haki miliki, hata kama mtunzi hakudai fedha. Mwaka 2010 pande mbili zikapatana. Basi tunajifunza kwamba aliyesamehe malipo hajasamehe jina lake.

Hata hivyo, kutajwa ni jambo moja, na kumiliki ni jambo jingine. Tutazame historia ya OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu. Inatugusa sisi wasemaji wa Kiswahili, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice. Maandishi ya programu hiyo yaliwekwa wazi mwaka 2000 na kampuni ya Sun, nayo iliwataka wachangiaji wake waipe umiliki wa pamoja wa kazi zao. Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Ndivyo haki zilizokuwa zimekabidhiwa kwa mmoja zilivyohamia kwa mwingine, na mchangiaji hakuulizwa. Mwaka huo huo wengi wa wachangiaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice, ambamo kila mmoja hubaki na haki miliki ya kazi yake. Mwaka 2011 Oracle iliukabidhi mradi wa zamani kwa taasisi ya Apache chini ya leseni tofauti. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu hati zilikuwa mikononi mwake.

Tusiwe na haraka ya kulaumu kila anayeomba hati. Taasisi ya Free Software Foundation, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1985, nayo kwa miaka mingi imepokea haki miliki za wachangiaji, kwa hoja kwamba ni rahisi zaidi kuitetea mahakamani mali yenye mwenyewe mmoja. Lakini hati yake humwahidi mtoaji kwamba kazi itabaki huria. Kwa upande mwingine, Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, haikudai kukabidhiwa haki hizo. Tangu mwaka 2004 mchangiaji wa Linux huweka jina lake chini ya kazi yake, akithibitisha kwamba ana haki ya kuitoa. Haki zimebaki kwa maelfu ya watu, kwa hiyo hakuna mmoja anayeweza kuligeuza shamba la wote kuwa lake.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wachangiaji si la kuwatafutia sifa tu. Ni ushahidi wa nani alifanya nini, na kwa hiyo nani anapaswa kuulizwa masharti yanapobadilishwa. Kijana asiye na ajira anaweza pia kumwonyesha mwajiri jina lake humo. Kumfuta ni kumnyang’anya cheti alichokitolea jasho.

Kijana wetu tulimshauri asisaini upesi, wala asikatae kwa hasira. Aandike barua kwa adabu na kuuliza mambo matatu: jina lake litabaki wapi, kampuni inaahidi nini kuhusu uhuru wa kazi hiyo, na ikiuzwa, ahadi itamfunga mnunuzi? Jibu alilolipata lilisema tu kwamba hati ndivyo ilivyo na haibadilishwi. Hakusaini. Tafsiri zake ameziweka wazi yeye mwenyewe, kwa jina lake, ili anayezitaka azichukue kwa masharti yaliyo wazi.

Nasi tujiulize katika vikundi vyetu: tunapojenga kitu kwa pamoja, ni nani anayeshika daftari? Na siku mshika daftari akibadilika, haki ya aliyechangia itakuwa imeandikwa wapi?