Wazazi Wakitengana, Kliniki ya Mtoto Isikatike

Mada yetu leo ni hii: wazazi wameachana, je, mtoto ni wa nani?

Wengi husema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa mama peke yake. Zamani, chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, mama ndiye aliyetangulia. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inafuata njia hiyo hiyo.

Basi baba ana haki ya kumwona mtoto wake na kushiriki malezi. Pia ana wajibu wa chakula, karo na matibabu. Mama atauliza, "Sista, nimpe mtoto na hajatoa hata pesa ya uji?" Dada yangu, hayo ni mambo mawili. Matunzo yadai kwa afisa wa watoto au mahakamani. Usimfanye mtoto kuwa rehani. Na baba naye asimchukue mtoto kwa nguvu.

Mkikosa kuelewana, mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto. Mchanga anayenyonya kwa kawaida huachwa na mama, kwani miezi 6 ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama pekee.

Sasa sikilizeni upande wa afya. Mtoto akihamishwa ghafla, kitabu cha kliniki hubaki nyuma. Chanjo ya surua ya miezi 9 inampita, ya miezi 18 inampita, vitamini A ya kila miezi 6 inasahaulika. Kwa hivyo:

1. Kitabu kisafiri na mtoto.
2. Anayempokea aambiwe dawa anazotumia, chakula kinachomdhuru na tarehe ya kliniki.
3. Yeyote kati yenu anaweza kumleta kliniki, baba pia.
4. Kitabu kikipotea, mlete mtoto hivyo hivyo. Usingoje.

Lakini kama kuna kipigo au hofu ya mtoto kudhuriwa, usalama ni kwanza. Nenda polisi, kwa chifu au kwa afisa wa watoto, au piga simu 116 bila malipo.

Mume na mke huachana; mtoto haachwi.