UKAME NA BIMA YA MAZAO
Maneno yaliyonenwa mbele ya wazee, walimu na wakulima wa Rasbura, Lindi



Jambo tulilokuja nalo ni moja: mvua ikikosekana, hasara ni ya nani?

Ninyi mwaijua mvua ya pwani hii kuliko sisi. Huanza Novemba au Desemba, huisha Aprili au Mei, na mara nyingi katikati yake, Januari au Februari, huja siku za jua kali bila tone. Siku hizo ndizo za hatari. Mahindi yakipata kiu yangali machanga, huweza kuinuka tena. Lakini kiu ikiyakuta wakati wa mbelewele, ndevu huchelewa kutoka, unga wa mbelewele humwagika bure, na hindi hubaki na punje za kuhesabika. Mvua ikirudi baada ya hapo majani hupendeza, ila mavuno yamekwisha potea. Mtama hustahimili zaidi, na muhogo hustahimili kuliko mtama. Kwa hiyo desturi ya wazee ya kuchanganya mazao shambani ilikuwa bima yao, tena ya bure. Asiiache mtu kwa sababu ya maneno yetu haya.

Hata wenye mitambo na fedha nyingi wameshindwa na jua. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa na Urambo, na Nachingwea hapa kwetu kusini. Mambo mengi yaliharibika, na mojawapo ni ukame wa Kongwa: udongo ulikauka ukawa mgumu, karanga zisichimbike. Mpango uliachwa mwaka 1951, na hasara ya pauni milioni 36 hivi ikabebwa na hazina ya Uingereza. Mkulima wa ekari mbili hana hazina nyuma yake. Akikosa mavuno huuza mbuzi, kisha hula mbegu. Na mwaka wa pili, hata mvua ikiwa njema, hana cha kupanda.

Basi bima ndiyo hazina ya wasio na hazina. Yafanana na upatu kwa kuwa wengi huchanga. Lakini katika upatu kila mtu hupokea kwa zamu yake, na katika bima hupokea aliyepatwa tu. Hapo ndipo watu wengi hukasirika, wakisema fedha zao zimeliwa. Hazikuliwa, zimemfikia mwenzao.

Mwaka 2009, huko Laikipia nchini Kenya, wakulima wapatao 200 walijaribu bima iliyoitwa Kilimo Salama. Mkulima aliponunua mbegu au mbolea aliongeza asilimia 5 ya bei, na kampuni ya pembejeo ikaongeza kiasi kama hicho. Hakuna aliyekwenda kukagua shamba la mtu. Vituo vya kupima hali ya hewa ndivyo vilivyoamua. Mwaka ule ule ukame ukawa mkali, na wakulima wakalipwa fidia. Hapa Tanzania makampuni ya bima yaliungana mwaka 2023 kuanzisha umoja wa bima ya kilimo, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.

Hatutaficha kasoro yake. Mvua ya pwani hunyesha upande huu wa kilima ikaacha upande wa pili. Kituo kikipata mvua na shamba lako likakauka, waweza kukosa fidia ingawa umelipa ada. Na jirani aweza kulipwa hali amevuna. Tena mkorosho hutoa maua wakati wa kiangazi, na unyevu wa hewa wa wakati ule huchochea ubwiri unga. Mwenye mikorosho akinunua bima ya mvua kukosekana katika masika, amenunua nguo isiyo ya kimo chake.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa senti moja, ulizeni: mvua yapimwa kituo gani, na kiko umbali gani na mashamba yetu? Ni miezi ipi inayohesabiwa? Fidia hulipwa lini, kabla ya kupanda tena au baadaye? Walimu, twawaomba msome mkataba huo wote kwa sauti mbele ya mkutano wa mtaa au wa chama cha ushirika, na wakala wa bima awe ameketi papo hapo ajibu.